Jinsi ya Kumchukua Mbwa Mchungaji kutoka Kituo cha Uokoaji, Nairobi

Kwenye malango mengi ya Nairobi kuna kibao kilichoandikwa "Mbwa Kali", na mara nyingi anayetajwa na kibao hicho ni German Shepherd au chotara wake. Kwa kuwa tumemzoea akiwa nyuma ya lango, tumesahau kwamba mbwa huyu alikusudiwa kwa kazi nyingine. Mwaka 1899, huko Ujerumani, ofisa wa jeshi la farasi aliyeitwa Max von Stephanitz alinunua dume mmoja wa kuchunga kondoo, akampa jina la Horand von Grafrath, na huyo akawa wa kwanza kuandikwa katika daftari la uzao huo. Mbwa wa namna yake walikuwa wakitembea mchana kutwa kandokando ya kundi, wakiwa kama ua unaokwenda, ili kondoo wasiingie katika mashamba ya nafaka yasiyo na uzio. Border Collie, ambaye ukoo wake hurudishwa kwa dume aitwaye Hemp aliyezaliwa mwaka 1893 huko Northumberland, Uingereza, aliumbiwa kuwasogeza kondoo kwa kuwakazia macho tu. Malinois wa Ubelgiji naye alianza kwa mifugo, ingawa hapa Kenya tunamfahamu zaidi akinusa mizigo pamoja na maofisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori ili kukamata pembe za ndovu.

Watatu hawa wana tofauti nyingi, lakini wamerithi jambo moja: wamezalishwa kizazi baada ya kizazi ili wafanye kazi na mtu kutwa nzima, wakimtazama, wakingoja ishara yake, na wakiamua wenyewe pale ishara isipofika. Ndiyo maana mbwa wa aina hii akifungiwa kibandani tangu asubuhi hadi jioni, kisha akafunguliwa usiku azunguke kiwanja peke yake, hatulii, bali hujitafutia kazi. Huchimba chini ya ua, huzunguka njia ileile mpaka nyasi zikaisha, hubwekea kila bodaboda, au huwakusanya watoto kwa kuwauma visigino. Wenyeji humwita mtukutu, na baada ya muda hufikishwa kituoni akiwa mzima wa mwili, kijana wa mwaka mmoja au miwili, asiye na kosa ila kukosa shughuli. Maelezo yafuatayo ni kwa anayetaka kumchukua mbwa kama huyo bila kumrudisha katika maisha yaleyale yaliyomfikisha huko.

Inafaa pia kuweka kando tuliyoyajua kijijini. Mbwa wa maboma ya Wamaasai na Wasamburu huandamana na mifugo, lakini kazi yao kubwa ni kupiga kelele fisi au chui anapokaribia. Anayewaongoza mbuzi ni mtoto mwenye fimbo. Mbwa huyo wa asili hulala kivulini wakati wa jua, hujua kujitegemea, na hahitaji kuambiwa la kufanya. Anayetarajia German Shepherd au Border Collie ajilee kwa namna hiyo atasikitika mapema.

Kabla ya kwenda kituoni

Anza na saa, kwa sababu ndizo zinazowashinda wengi. Chama cha mbwa cha Uingereza, Kennel Club, hupendekeza zaidi ya saa 2 za mazoezi kila siku kwa German Shepherd na kwa Border Collie. Usizipime saa hizo kwa Jumamosi yako, zipime kwa Jumanne: siku unayotoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri ili uutangulie msongamano wa Barabara ya Thika, na unarudi saa mbili usiku ukiwa umechoka. Ni nani atakayetembea naye siku hiyo? Ikiwa jibu ni dada wa kazi au mlinzi, mwulize yeye mwenyewe kabla ya kumleta mnyama, uhakikishe kwamba hamwogopi, na umwongezee malipo, kwa kuwa hiyo ni kazi mpya wala si fadhila. Nimeona nyumba ambamo mbwa aliletwa kwa furaha ya baba na watoto, ilhali mtu pekee aliyeshinda naye alikuwa yaya aliyekuwa akitetemeka kila alipopita jikoni.

Baada ya hapo, tazama mahali. Kwa mpangaji, ruhusa ya mdomo ya mwenye nyumba haitoshi, kwani kamati ya mtaa inaweza kupiga marufuku mbwa wakati wowote. Itake kwa maandishi. Kama una kiwanja, kikague ukiwa umeinama. Ua wa kayaba huzuia watu vizuri kwa miiba yake, lakini shina lake huacha nafasi chini ambayo mbwa mwenye subira huipanua kwa siku moja, kwa hiyo tandika waya chini yake au panga mawe. Lango lenye mwanya wa kuona barabarani ni kishawishi kibaya kwa mbwa wa kuchunga, kwa sababu kila kinachopita hukimbia, na kila kinachokimbia humwita. Ubao wa kuziba mwanya huo ni wa bei ndogo kuliko ugomvi na wapita njia.

Majirani nao wajulishwe. Wengi wa Waislamu wetu hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na kilicholambwa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo; lakini hadithi mashuhuri huruhusu kufuga mbwa wa kuchunga mifugo, wa kuwinda na wa kulinda shamba. Jirani aliyeahidiwa kwamba mbwa hatafika mlangoni kwake wala kugusa mkeka wake wa kuswalia, na ahadi ikatunzwa, huwa hana ugomvi. Mwisho, uliza katika ofisi ya mifugo ya kaunti kuhusu leseni ya kufuga mbwa, maana kaunti zina sheria zao.

Kumchagua

Kituo kinachofahamika zaidi Nairobi ni cha KSPCA huko Karen, chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama ambacho asili yake ni ya mwaka 1910, ingawa wapo pia waokoaji wadogo wanaowatunza wanyama majumbani mwao. Popote uendapo, piga simu kwanza, ueleze maisha yako yalivyo, kisha usikilize. Watunzaji wenye uzoefu watakuuliza maswali mengi, watataka kuiona nyumba yako, watakudai mchango wa gharama, na watakukabidhi mnyama aliyechanjwa na kuhasiwa, au aliyefungwa kizazi ikiwa ni jike. Usione kama unadharauliwa. Anayekukabidhi mbwa bila kuuliza lolote ndiye wa kutiliwa shaka, na anayekuuzia kitoto cha mbwa kando ya barabara kuu kikiwa ndani ya katoni hastahili hata kusimamishiwa gari.

Ushauri wangu kwa asiyewahi kufuga mbwa wa aina hii ni kumwacha mtoto wa mbwa na kumtazama mbwa mzima wa miaka 2 hadi 5. Tabia ya mbwa mzima huonekana, ilhali ya mtoto hubashiriwa tu. Tena chotara wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji, ambao ni wengi vituoni, mara nyingi wana akili ileile ya kazi. Epuka kuchagua kwa rangi, au kwa masikio yaliyosimama.

Mtafute mtu anayewalisha, ambaye si lazima awe yule wa ofisini, umwulize mambo ambayo fomu haiulizi. Je, mwenzake akiwa karibu, mbwa huyu hula chakula chake? Hufanya nini mlango unapofunguliwa? Akishtuliwa na sufuria iliyoanguka, huchukua muda gani kurudi katika hali yake? Amewahi kumkamata kuku au paka? Aliletwa na nani, na kwa sababu gani? Majibu ya "sijui" yasikuudhi, kwani mbwa wengi huokotwa barabarani bila historia.

Kisha omba utembee naye nje ya banda, kwa sababu ndani ya banda karibu kila mbwa wa kuchunga huonekana kama kichaa: anaruka, anazunguka, anabweka. Dakika 20 nje, mbali na makelele, humwonyesha mwingine kabisa. Tembea naye polepole, kisha usimame ghafla bila kusema neno. Mbwa anayegeuka kukutazama, hata kwa sekunde moja, amekwisha kukupa nusu ya mafunzo. Mwonyeshe mpira au kijiti, ukifiche nyuma, uone kama anakitafuta kisha anaacha, au kama anashindwa kabisa kutulia hata baada ya dakika kadhaa. Huyu wa pili ni hodari, lakini anamfaa mtu wa mafunzo, si nyumba yenye watoto wadogo. Rudi siku nyingine, na safari hii uje na kila mtu atakayeishi naye, pamoja na mbwa wako kama unaye, ili wakutane nje ya kiwanja chako na watembee sambamba kabla ya kunusana.

Siku za mwanzo

Mchukue asubuhi ya siku ambayo utakuwa na siku mbili tatu za kukaa nyumbani. Asile sana kabla ya safari, na avae mikanda miwili, mmoja wa shingoni na mmoja wa kifuani, kamba ikiunganishwa na yote miwili, kwa kuwa mbwa wengi walioponyoka siku ya kwanza waliponyoka kati ya gari na lango. Usiite wageni waje kumwona. Mwonyeshe mahali pa kulala, maji, na pa kujisaidia, kisha umwache apumzike. Wiki ya kwanza anaweza kuonekana mpole kupita kiasi, akakataa chakula au kukaa kimya pembeni, nawe ukadhani umempata malaika. Tabia yake halisi hujitokeza polepole katika wiki zinazofuata, na aghalabu huchukua kama miezi mitatu kabla hajaiona nyumba kuwa yake. Katika kipindi hicho asifunguliwe mahali pasipo na uzio, hata kama anaitika vizuri ndani ya kiwanja.

Amueni mapema maneno mtakayomwambia. Katika nyumba zetu mbwa husikia Kiswahili kwa mama, Kiingereza kwa watoto na Kikamba kwa mlinzi, halafu analaumiwa kwa ukaidi. Hata Kiswahili chenyewe kina mtego: "kaa" ni kuketi na pia ni kubaki palepale, kwa hiyo tumieni "keti" kwa la kwanza na "ngoja" kwa la pili. "Njoo" liwe neno la heri daima, lisitumike kamwe kumwita ili apigwe au afungwe. "Acha" litoshe kwa makatazo yote. Yaandikeni kwenye karatasi, mkaibandike jikoni na kwenye kibanda cha mlinzi.

Mnyororo usitumike kama makao. Mbwa aliyezoea kufungwa hujifunza kwamba kila anayekaribia ni wa kutishwa, kwa sababu hana njia ya kuondoka, na huo ukali ambao mwenye lango huuona kuwa faida ndio humfikisha mtoto wa jirani hospitalini. German Shepherd anayeishi karibu na watu wake, anayelala barazani au ndani, bado atabweka mgeni anapokuja.

Kazi ya kichwa

Hapa ndipo wengi hukosea wakidhani kwamba mbio zitamaliza nguvu zake. Ukimkimbiza kila asubuhi bila la ziada, baada ya miezi miwili utakuwa na mwanariadha mwenye pumzi zaidi na subira ileile kidogo. Mbwa wa kuchunga huchoshwa na kufikiri. Gawa muda wake mara mbili: matembezi marefu mapema, kabla jua halijakolea (na Mombasa hili ni la lazima, kwani manyoya mazito ya German Shepherd hayavumilii joto la pwani saa nne), na kazi fupifupi za akili zilizotawanywa mchana.

Kazi rahisi kuliko zote ni kumfanya atafute chakula chake. Chukua kiganja cha omena waliokaushwa, mwambie "ngoja", watawanye kwenye nyasi, kisha umruhusu. Dakika 10 za kunusa humtuliza kuliko nusu saa ya kurushiwa mpira. Baada ya wiki, ficha omena chini ya ndoo tatu zilizopinduliwa ambazo moja tu ina kitu; baadaye ficha kitambaa chenye harufu ya mtoto nyuma ya tangi la maji, naye aende kukitafuta. Mpe pia mazoezi ya kujizuia: akae akitazama lango likifunguliwa na kufungwa, naye asiinuke mpaka aambiwe. Kwa mbwa wa jamii hii, kutofanya kitu mbele ya kitu kinachokimbia ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na kila anapoiweza anastahili kulipwa papo hapo.

Kurusha mpira mfululizo sikupendekezi. Humfanya mbwa awe mtumwa wa mpira, na kugeuka ghafla kwa kasi huumiza viungo, hasa kwa German Shepherd, ambaye uzao wake una udhaifu unaojulikana wa nyonga.

Kukimbiza baiskeli, kuku na watoto kunataka maelezo yake. Kuchunga ni uwindaji uliokatwa katikati: mbwa hutazama, hunyemelea, hukimbiza, lakini hatua ya kuua imedhoofishwa na uzalishaji. Imedhoofishwa, haikuondolewa. Mbwa anayemzunguka mbuzi mara ya kwanza si mchungaji bado, na asiachwe peke yake na mifugo hata mwezi wa tatu. Mtoto akikimbia huku akipiga kelele na mbwa akamuuma kisigino, usimpige. Mbwa hajakasirika, amefanya alichozaliwa nacho. Mfundishe mtoto kusimama kama mti, mikono kifuani, na umwite mbwa kwa kazi nyingine kabla hajaanza, si baada ya kuanza. Dalili ya kwanza ni kichwa kushuka na macho kukaza, na ukiiona hapo una kama sekunde mbili tu.

Dawa, chakula na chanjo

Katika maduka ya dawa za mifugo, mbwa mwenye kupe au upele huchomwa sindano ya ivermektini ileile ya ng'ombe, kwa kipimo cha kukisia. Kwa mbwa wa jamii ya kuchunga, hilo linaweza kuua. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, walieleza hitilafu ya jeni iitwayo MDR1, ambayo huondoa kinga inayozuia dawa kama hiyo isiingie kwenye ubongo. Hitilafu hiyo ni ya kawaida kwa Collie na Australian Shepherd, na wapo German Shepherd na Border Collie walio nayo. Mwenye nayo akipewa kipimo kikubwa huyumba, hutetemeka, hupofuka, na anaweza kuzimia asiamke. Kwa kuwa chotara wa kituoni hana nasaba iliyoandikwa, mhesabu kuwa anayo, na umwambie hivyo kila daktari wa mifugo kabla hajafungua chupa.

Kupe wenyewe wasipuuzwe, kwani huleta homa inayoharibu damu. Ufizi uliopauka, mkojo wa rangi ya chai na mbwa mchangamfu aliyegoma kuinuka ni sababu za kumpeleka kwa daktari siku hiyohiyo. Tumbo likivimba ghafla naye anajaribu kutapika bila kutoa kitu, usingoje hata asubuhi, kwa maana tumbo limejipinda. German Shepherd na wenzake wenye vifua virefu ndio hupatwa zaidi, na kuwalisha mara mbili kwa siku badala ya mlo mmoja mkubwa, bila kuwakimbiza baada ya kula, hupunguza hatari.

Ugali si kosa, lakini unga uliooza ni sumu. Mwaka 2004 sumukuvu katika mahindi iliwaua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mbwa hudhurika nayo vilevile, kwa hiyo mahindi ambayo wewe huwezi kuyala usimsagie yeye. Matumbo na mapafu yachemshwe vizuri, kwani yakiwa mabichi humpa mbwa minyoo ambayo mayai yake huwaletea watu uvimbe wa maji kwenye ini.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, na kadi yake itunzwe mahali ambapo hata mlinzi anaweza kuipata. Mtu yeyote akiumwa, hata na mbwa wako mwenyewe, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali akiwa na kadi hiyo.

Ikishindikana

Wapo watakaofanya yote haya na bado mbwa asifae nyumba yao. Katika hali hiyo usimpe fundi aliyemsifu, wala usimpeleke shambani kwa mjomba ukidhani nafasi pana itamtibu. Vituo vingi humtaka mwenye kumchukua amrudishe palepale, na sharti hilo huwa kwenye karatasi uliyotia sahihi. Mrudishe akiwa na kadi yake, blanketi lake na barua ya ukurasa mmoja: maneno anayoyajua na lugha ya maneno hayo, saa alizozoea kutembezwa, anachokiogopa, kama amewahi kumwuma mtu na katika hali gani, ni mchezo upi unaomtuliza, na kama amewahi kuachwa na kuku akawaacha salama.